Nakala Rudufu za Data: Namna ya Kukagua Uzima Wake na Kuzirekebisha Zinapoharibika

Nakala rudufu ni nakala ya pili ya data inayohifadhiwa mahali tofauti na data ya awali, ili itumike pale data ya awali inapopotea, kuharibika au kufutwa. Katika ofisi za umma, benki, hospitali na hata maduka ya mitaani, nakala hizi, ambazo wengi huziita bakapu, ndizo tegemeo la mwisho la taarifa za wananchi: usajili wa vizazi na vifo, umiliki wa ardhi, michango ya hifadhi ya jamii, matokeo ya mitihani na kumbukumbu za matibabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama hizi ambapo daftari lenyewe limo ndani ya kompyuta, nakala rudufu ni daftari la pili linalolinda lile la kwanza.

Pamoja na umuhimu huo, kuwepo kwa nakala rudufu pekee hakuthibitishi kwamba data iko salama. Nakala inaweza kuwa tupu, pungufu, imeharibika, au imefungwa kwa nywila ambayo hakuna anayeikumbuka, na hali hiyo isijulikane hadi siku ya dharura. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa mifumo huitegemea nakala pale tu inapokuwa imekaguliwa na kurejeshwa kwa majaribio. Makala haya yanaeleza namna data inavyoharibika ikiwa imehifadhiwa, namna ya kuikagua, namna ya kuirekebisha, na wajibu wa taasisi na mwananchi katika jambo hilo.

Matukio yanayotoa funzo

Septemba 26, 2025, moto uliozuka kwenye betri za lithiamu uliunguza chumba cha seva katika kituo cha taifa cha rasilimali za taarifa mjini Daejeon, Korea Kusini. Mifumo zaidi ya 600 ya Serikali ya nchi hiyo ilizimwa. Mifumo mingi ilirejeshwa hatua kwa hatua, lakini hifadhi ya pamoja ya nyaraka za kazi za watumishi wa umma, iliyojulikana kama G-Drive, iliteketea ikiwa na takribani terabaiti 858 za data. Hifadhi hiyo haikuwa na nakala nje ya kituo, na sababu iliyotajwa ni ukubwa wake.

Tukio la Korea Kusini linaonesha hasara ya kutokuwa na nakala mahali pengine. Lipo tukio jingine linaloonesha hatari iliyojificha zaidi, yaani kuwa na nakala nyingi zisizofanya kazi. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za watengenezaji wa programu duniani kote, alifuta kwa makosa kanzidata ya seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Kati ya takribani gigabaiti 300, zilibaki gigabaiti 4.5 tu kabla ya kusimamisha ufutaji huo.

Kampuni hiyo ilikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi nakala. Zilipofunguliwa, ilibainika kuwa nakala za kila siku hazikuwa zikitengenezwa, kwa kuwa programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani lisilolingana na kanzidata. Barua pepe za kutoa taarifa ya hitilafu zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua, hivyo hakuna aliyezisoma. Njia nyingine haikuwa imewashwa kwenye seva za kanzidata, na seva ya akiba yenyewe ilikuwa imeshafutwa katika jitihada za kuilinganisha upya na seva kuu. Kilichookoa jahazi ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono takribani saa sita kabla ya ajali kwa ajili ya shughuli nyingine. Huduma ilirejea baada ya zaidi ya saa 18, na data ya takribani saa sita ilipotea moja kwa moja. Kampuni ilichapisha taarifa ya wazi kuhusu kila kilichoshindikana, na taarifa hiyo imekuwa rejea kwa wasimamizi wa mifumo hadi leo.

Maana ya uzima wa data

Data ni nzima inapotimiza masharti matatu. Kwanza, iwe kamili, yaani hakuna rekodi, ukurasa au faili lililopungua. Pili, iwe sahihi, yaani kila herufi na kila tarakimu ibaki kama ilivyoandikwa na aliyekuwa na mamlaka ya kuiandika. Tatu, iweze kusomeka na kutumika, yaani iwepo programu ya kuifungua, ufunguo wa kuifungulia na mtu anayejua kufanya hivyo.

Sharti la tatu husahaulika mara nyingi. Nakala iliyofungwa kwa ufunguo wa siri ni salama dhidi ya wezi, lakini ufunguo ukipotea, mwenye nakala naye huwa katika kundi moja na wezi hao. Vivyo hivyo, tepu ya mwaka 1998 inaweza kuwa haina doa lolote, lakini isisomeke kwa sababu mashine ya kuisoma haipo tena ofisini.

Vyanzo vya uharibifu

Data huhifadhiwa kama mfuatano wa alama mbili, sifuri na moja, ambazo kila moja huitwa biti. Kwenye diski za sumaku na tepu, biti huwekwa kama mwelekeo wa usumaku. Kwenye flashi na diski za kisasa zisizo na sehemu zinazozunguka, huwekwa kama chaji ya umeme. Usumaku hudhoofika kadiri miaka inavyopita, na chaji huvuja, hasa kifaa kinapokaa muda mrefu bila umeme. Joto kali huongeza kasi ya kuvuja huko, na unyevu husababisha kutu na ukungu. Kwa maeneo ya pwani yenye joto na unyevu kwa muda mrefu wa mwaka, stoo isiyo na kipoozesha hewa si mahali pa kutunzia nakala za kudumu.

Mbali na kuchakaa kwa vifaa, upo uharibifu wa kimyakimya. Huu hutokea biti inapobadilika wakati wa kuandikwa, kusafirishwa au kusomwa bila mfumo kutoa onyo lolote. Mwaka 2007, kituo cha utafiti wa nyuklia cha Ulaya, CERN, kilikagua upya mafaili yapatayo 33,700 yaliyokuwa yamehifadhiwa na kukuta 22 hayalingani na alama zake za awali, sawa na takribani faili moja kwa kila mafaili 1,500. Mafaili hayo yalikuwa kwenye vifaa vilivyoonekana kufanya kazi kama kawaida.

Chanzo kingine ni makosa ya binadamu na ya programu, kama ilivyotokea GitLab. Aidha, zipo programu hasidi za kudai fidia, ambazo hufunga mafaili ya taasisi na kudai malipo ili yafunguliwe. Wahalifu wanaozitumia hutafuta kwanza nakala rudufu na kuzifuta au kuzifunga, kwa kuwa wanajua taasisi yenye nakala nzima haina sababu ya kulipa.

Hatua za ukaguzi

Ukaguzi wa nakala rudufu hufanyika kwa ngazi, kuanzia ule mwepesi unaoweza kufanyika kila siku hadi ule mzito unaopangiwa ratiba.

Ngazi ya kwanza ni kuthibitisha kwamba nakala ipo na ina ukubwa unaotarajiwa. Msimamizi wa mfumo huangalia tarehe ya nakala ya mwisho, ukubwa wake na idadi ya mafaili. Nakala ambayo jana ilikuwa gigabaiti 40 na leo ni kilobaiti 12 inaonesha tatizo hata kabla ya kufunguliwa. Katika ngazi hii, ukimya usichukuliwe kuwa habari njema. Mfumo unapaswa kutoa taarifa kila siku, nakala ikikamilika na hata isipokamilika, na kukosekana kwa taarifa kuwe sababu ya kufuatilia.

Ngazi ya pili ni kulinganisha alama za uhakiki, ambazo wataalamu huziita hashi. Alama hii hupatikana kwa kupitisha faili lote katika kanuni ya kihisabati inayotoa mfuatano mfupi wenye urefu usiobadilika. Kwa kanuni inayotumika sana, SHA-256, mfuatano huo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, faili liwe barua ya ukurasa mmoja au filamu ya saa mbili. Ikibadilika biti moja tu ndani ya faili, alama inayopatikana huwa tofauti kabisa. Hivyo, alama ikichukuliwa siku ya kuhifadhi na kuchukuliwa tena baada ya mwaka, kufanana kwake kunathibitisha kwamba faili halijaguswa.

Alama za uhakiki zina mipaka miwili ambayo ni vyema ikafahamika. Mpaka wa kwanza ni kwamba alama huthibitisha faili kuwa lilelile lililokuwepo alama ilipochukuliwa, lakini haithibitishi kwamba faili lilikuwa sahihi siku hiyo. Faili lililoharibika kabla ya kuchukuliwa alama litaendelea kupita ukaguzi kila mara. Mpaka wa pili ni kwamba alama zikitunzwa kwenye diski ileile yenye data, anayeweza kubadilisha data anaweza kubadilisha na alama. Kwa sababu hiyo, orodha ya alama hutunzwa mahali pengine, chini ya mtu mwingine.

Ngazi ya tatu ni kusoma upya data yote kwa ratiba. Faili ambalo halijaguswa kwa miaka mitano linaweza kuwa limeharibika na hakuna ajuaye. Mifumo ya kisasa ya kuhifadhi mafaili, kama ZFS na Btrfs, hutunza alama ya kila kipande cha data na inaweza kuagizwa kupitia diski nzima, kulinganisha kila kipande na alama yake, na kutoa orodha ya vilivyoharibika. Wasimamizi wengi hupanga kazi hiyo ifanyike mara moja kwa mwezi, usiku au siku za mapumziko, kwa kuwa hutumia nguvu kubwa ya mfumo.

Ngazi ya nne, na iliyo muhimu kuliko zote, ni zoezi la kurejesha. Nakala huchukuliwa na kufunguliwa kwenye seva iliyotengwa, isiyounganishwa na mfumo unaotumika. Kisha watumiaji halisi wa mfumo, kama vile karani wa masijala au mhasibu, huingia na kufanya kazi yao ya kawaida: kutafuta rekodi, kuchapisha cheti, kukokotoa salio. Idadi ya rekodi hulinganishwa na ile ya mfumo mkuu kwa wakati nakala ilipochukuliwa. Kwa mfano, iwapo rejista ilikuwa na rekodi 120,450 na nakala iliyorejeshwa ina 120,447, zoezi halijafaulu hadi rekodi tatu zilizopungua zijulikane ziko wapi na kwa nini hazikunakiliwa.

Zoezi hilo hupima pia vipindi viwili vya muda. Kipindi cha kwanza ni umri wa data inayoweza kupotea: taasisi inayochukua nakala mara moja kwa siku inakubali kwamba kazi ya siku nzima inaweza kupotea. Kipindi cha pili ni muda wa kurejea kazini. Nakala inayohitaji siku tisa kurejeshwa inaweza kuwa nzima kabisa, lakini haimsaidii mgonjwa anayesubiri majibu ya maabara siku hiyohiyo.

Namna ya kurekebisha

Ukaguzi unapobaini uharibifu, njia ya kwanza na ya uhakika zaidi ni kuchukua nakala nyingine iliyo nzima na kuitumia kuziba pengo. Njia hii huhitaji kuwepo kwa nakala zaidi ya moja na alama za uhakiki za kuonesha ipi ni nzima. Nakala zikiwa mbili tu, zikitofautiana, na alama hazipo, msimamizi hubaki na mashahidi wawili wanaopingana bila hakimu.

Njia ya pili ni kukokotoa sehemu iliyopotea kutoka katika sehemu zilizobaki. Msingi wake unaweza kuelezwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Diski ya kwanza ina namba 4, ya pili ina namba 7, na ya tatu inatunza jumla yake, 11. Diski ya pili ikiungua, namba yake hupatikana kwa kutoa 4 kutoka 11. Hii ndiyo dhana iliyomo katika baadhi ya mipangilio ya diski inayojulikana kama RAID, iliyoelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ingawa hesabu halisi hufanywa kwa biti.

Mfano huohuo unaonesha na upungufu wa njia hiyo. Diski mbili zikiungua kwa pamoja, jumla peke yake haitoshi kurudisha namba zote mbili. Na iwapo hakuna diski iliyoungua, lakini namba 4 imegeuka 5 kimyakimya, hesabu itaonesha kwamba jumla hailingani bila kueleza ni namba ipi iliyobadilika. Ndiyo maana hesabu ya jumla huambatanishwa na alama za uhakiki: alama huonesha kilichoharibika, na jumla hukirudisha.

Zipo kanuni zenye nguvu zaidi. Mwaka 1950, Richard Hamming wa maabara za Bell nchini Marekani alichapisha kanuni inayoweza kugundua biti moja iliyobadilika, kuonesha ni ipi na kuirekebisha. Mwaka 1960, Irving Reed na Gustave Solomon walichapisha kanuni inayoweza kurekebisha vipande vingi vilivyoharibika kwa wakati mmoja. Kanuni yao ndiyo inayowezesha santuri za CD kupigwa zikiwa na mikwaruzo, na msimbo wa mraba wa QR kusomwa na simu hata ukiwa umechafuka sehemu. Kwa upande wa nakala rudufu, kanuni hiyo hutumika kutengeneza mafaili ya akiba yanayohifadhiwa pamoja na data. Kiasi cha akiba kikiwa kikubwa, ndivyo uharibifu mkubwa zaidi unavyoweza kurekebishwa, na ndivyo nafasi zaidi inavyotumika.

Njia ya tatu ni ukombozi wa sehemu. Pale ambapo hakuna nakala nzima wala akiba ya kukokotoa, wataalamu huokoa rekodi zinazosomeka na kuziacha zisizosomeka. Kanzidata nyingi zina zana za kupitia kila jedwali na kutenga kurasa zilizoharibika. Rekodi zilizokosekana hutafutwa katika vyanzo vingine, kama vile fomu za karatasi, stakabadhi, taarifa zilizokwishatumwa kwa taasisi nyingine, au nakala alizonazo mwananchi mwenyewe. Kila rekodi iliyorudishwa kwa njia hiyo inapaswa kuwekewa alama inayoonesha chanzo chake, ili asiyekuwepo siku hiyo asije akaichukulia kuwa rekodi ya awali.

Tahadhari wakati wa marekebisho

Marekebisho yanaweza kuleta hasara kubwa kuliko tatizo lenyewe. Mwezi Desemba 2021, programu iliyorekebishwa kwa ajili ya kazi za nakala rudufu katika kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, ilibadilishwa ikiwa inaendelea kufanya kazi. Badala ya kufuta kumbukumbu za zamani zisizohitajika, ilifuta takribani terabaiti 77 za mafaili ya watafiti, yapatayo milioni 34. Makundi 14 ya utafiti yaliathirika, na data ya manne kati yake haikuweza kurejeshwa.

Kwa hiyo, kabla ya kurekebisha chochote, diski au faili lililoharibika hunakiliwa lote kama lilivyo, na kazi yote hufanyika juu ya nakala hiyo. Diski yenye kutoa sauti isiyo ya kawaida au inayosoma kwa kusitasita huzimwa mara moja, kwa kuwa kila dakika inayoendelea kuzunguka huweza kuongeza uharibifu. Data iliyorejeshwa haiwekwi juu ya data iliyopo hadi ihakikiwe kwanza. Amri yoyote ya kufuta husomwa na mtu wa pili, na jina la seva huthibitishwa kabla ya amri kutolewa. Mwisho, kila hatua huandikwa pamoja na saa yake na jina la aliyeitekeleza.

Idadi na mahali pa kutunza nakala

Kanuni inayofuatwa na wengi, iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh, hujulikana kwa tarakimu tatu: 3-2-1. Maana yake ni kuwa na nakala tatu za data, kwenye aina mbili tofauti za vifaa, na moja kati yake iwe nje ya jengo. Katika miaka ya karibuni kanuni hiyo imeongezewa tarakimu mbili na kuwa 3-2-1-1-0: nakala moja isiunganishwe na mtandao au isiweze kubadilishwa, na makosa yanayobainika baada ya ukaguzi yawe sifuri.

Umuhimu wa nakala isiyounganishwa na mtandao ulidhihirika Juni 2017, pale programu hasidi iliyoitwa NotPetya ilipoikumba kampuni ya meli ya Maersk yenye makao makuu nchini Denmark. Seva zake zinazotunza utambulisho wa watumiaji na kompyuta, zipatazo 150 katika nchi mbalimbali, zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na kampuni iliziona kuwa akiba ya kutosha. Zote zilifutwa kwa pamoja, isipokuwa moja iliyokuwa katika ofisi ya Ghana, ambayo ilikuwa imezimika kwa sababu ya kukatika kwa umeme kabla ya shambulio. Kutokana na seva hiyo moja kampuni ilijenga upya mtandao wake, ikiweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku takribani kumi.

Tukio hilo linatenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kunakiliana papo kwa papo kati ya seva huifanya huduma iendelee seva moja inapoharibika, lakini hunakili pia kosa, ufutaji na shambulio kwa kasi ileile. Nakala rudufu hubaki na hali ya jana au ya wiki iliyopita, na ndiyo inayowezesha kurudi nyuma kabla ya kosa kutokea. Taasisi inahitaji vyote viwili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Matakwa ya sheria na viwango

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi kuzilinda dhidi ya upotevu, uharibifu na matumizi yasiyoruhusiwa, na kuhakikisha kuwa ni sahihi. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi. Kwa upande wa mifumo ya Serikali, Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoanzishwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya Mwaka 2019 ndiyo yenye jukumu la kusimamia na kuratibu matumizi ya teknolojia ya habari na mawasiliano katika taasisi za umma.

Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data iliyoanza kutumika Mei 25, 2018 inataja kwa uwazi uwezo wa kurejesha taarifa kwa wakati baada ya ajali, pamoja na utaratibu wa kupima mara kwa mara iwapo hatua za ulinzi zinafanya kazi. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, ISO 27001, toleo la mwaka 2022, nacho kinataka nakala rudufu zitunzwe na zijaribiwe mara kwa mara.

Hivyo, mkuu wa taasisi anapopokea taarifa kwamba nakala zinachukuliwa, ana sababu ya kuuliza maswali manne: zoezi la mwisho la kurejesha lilifanyika tarehe ngapi, lilichukua muda gani, rekodi ngapi hazikurejea, na nani, mbali na mtu mmoja anayetegemewa, anaweza kulifanya. Majibu ya maswali hayo yanapaswa kuwa kwenye maandishi.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi naye ana data inayohitaji uangalizi: picha za familia, hesabu za biashara, nakala za vyeti, mikataba na hati. Hatua zifuatazo zinaweza kufanyika bila gharama kubwa.

1. Kuorodhesha vitu ambavyo vikipotea haviwezi kupatikana tena, na kuanza na hivyo kabla ya vingine.

2. Kuweka nakala mahali pasipopungua pawili mbali na simu au kompyuta, kwa mfano diski ya nje na hifadhi ya mtandaoni. Flashi moja inayobebwa kwenye mkoba uleule wenye kompyuta huibwa pamoja nayo.

3. Kuchomoa diski ya nje baada ya kunakili, ili programu hasidi ikiingia kwenye kompyuta isiifikie.

4. Kufungua mafaili kadhaa kutoka kwenye nakala angalau kila baada ya miezi mitatu, kwa kutumia kifaa kingine, na kuhakikisha kwamba yanafunguka mwanzo hadi mwisho.

5. Kwa mafaili muhimu, kuchukua alama ya uhakiki na kuiandika pembeni. Kwenye kompyuta zenye mfumo wa Windows hutumika amri ya certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256. Kwenye Linux hutumika amri ya sha256sum ikifuatiwa na jina la faili.

6. Kuhamishia data kwenye kifaa kipya kabla cha zamani hakijachakaa, na kukagua kifaa kipya kabla ya kufuta kilicho cha zamani.

7. Kutunza nyaraka halisi za karatasi, ikiwemo vyeti, hati na stakabadhi, hata kama taarifa zake zimo kwenye mifumo. Panapotokea upotevu wa data, nyaraka hizo huweza kuwa chanzo cha kurejeshea rekodi.

Aidha, mwananchi anapobaini kwamba taarifa zake katika mfumo wa taasisi zimepungua au zimebadilika, anashauriwa kutoa taarifa mapema kwa taasisi husika kwa maandishi na kuomba marekebisho, akiambatanisha nakala ya uthibitisho alionao. Taasisi nyingi hutunza nakala za zamani kwa muda maalumu kisha huzifuta ili kupata nafasi. Kosa likiripotiwa ndani ya muda huo, rekodi sahihi inaweza kupatikana katika nakala iliyochukuliwa kabla ya kosa kutokea. Likichelewa, nakala zote zilizobaki zitakuwa zimebeba kosa hilohilo.